Neno "Imekamilika" Lipigwe Marufuku

Osmany Cutiño,
Mnakili wa Furushi la Wiki,
Bayamo, Kuba.

Kwa Kamati ya Watunzaji wa Mfumo Endeshi wa Kompyuta,
Havana.

Ndugu Wanakamati,

Natumaini barua hii itawakuta wazima na mkiwa na umeme. Mimi sina, ndiyo maana naandika kwa mkono. Kazi yangu ni kunakili furushi la wiki: filamu na tamthilia zinazotoka kwenu kwa basi zikiwa ndani ya diski, nami nawawekea majirani kwenye flashi zao. Nawaandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo.

1. Mashine yenu inasema uongo. Nikinakili, inaniandikia "Imekamilika", kumbe kwenye diski haijaandika kitu. Mzigo wote imeushikilia kwenye kumbukumbu yake ya muda, ile inayosahau kila kitu umeme ukikatika, na itaupeleka diskini ikijisikia. Hivi mhudumu wa mgahawa anaweza kukuambia umeshakula wakati sahani bado iko jikoni?

2. Nilimuuliza Yordanis, fundi wa mtaa wetu. Akanijibu: "Kaka, diski ni nzito. Ikienda kuandika kila kipande kinapofika, utakunywa kahawa mpaka uchoke. Inakusanya kwanza, halafu inaandika kwa mkupuo. We ulibonyeza 'Ondoa kwa usalama'?" Ndugu zangu, Bayamo nzima sijaona mtu akikibonyeza kitufe hicho. Wateja wamejipanga mlangoni, wanataka kuwahi tamthilia kabla umeme haujaondoka. Na kahawa anayoisema ni ya mgao, nusu yake ni njegere za kukaanga.

3. Mashine hii ilibuniwa na watu wanaodhani umeme upo tu, kama hewa. Waleteni kwetu wiki moja, tutawapa kitanda.

4. Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mama mkwe wangu, Doña Edelmira, alifariki mwezi Machi. Sauti yake imebaki kwenye video moja tu, ya sherehe ya binti yangu Yanelis alipotimiza miaka kumi na mitano. Kesho Yanelis anahamia Uruguay, na hatujui atarudi lini. Leo mchana nilimnakilia video hiyo kwenye flashi. Mashine ikasema "Imekamilika". Nikaiamini, nikaifuta ile ya asili ili furushi jipya lipate nafasi, kama ninavyofuta vitu kila wiki. Umeme ukakatika hapo hapo. Yanelis alipochomeka flashi kwenye simu yake, jina la video lilikuwepo, ndani hamna kitu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, sauti ya bibi nimeshaanza kuisahau." Mama yake hajanisemesha tangu hapo. Nami nimelia, nawaambieni wazi.

5. Kwa hiyo nadai kila amri itekelezwe papo hapo, iwe ya kuandika au ya kufuta. Nikisema futa, ifute, isinikusanyie. Neno "Imekamilika" lipigwe marufuku. Tena mashine yenyewe ifikishwe mbele ya kikao cha mtaa, ikiri makosa yake hadharani kama sisi wengine tunavyokiri.

Nisalimieni wake na waume zenu, watoto, na yeyote anayewapa umeme.

Wenu gizani,
Osmany Cutiño

N.B. Umeme umerudi kabla sijafunga bahasha. Nimewasha mashine, na video ya asili ipo pale pale. Yordanis anasema amri yangu ya kufuta nayo ilikuwa bado imekaa kwenye kumbukumbu ya muda ikingoja zamu yake, umeme ukaondoka nayo. Dai la tano nalifuta. Mngekuwa mmeshalitekeleza, leo ningemzika mama mkwe mara ya pili. Tafadhali msiguse chochote. Tumeinakili upya, skrini inasema "Imekamilika", lakini taa ya flashi bado inawaka na kuzima, yaani bado inaandika, na hakuna anayeruhusiwa kuisogelea. Kwenye video, Doña Edelmira amemshika Yanelis mkono wenye kisu cha keki: "Unaharakia nini, mjukuu wangu? Watu bado wanaingia." Yanelis ameketi juu ya begi lake, anasubiri taa itulie.