Kibii, Baiskeli ya Kukunja na Maji ya Ugali

Sogeeni, enyi wa Kaptembwa na enyi wa ng'ambo ya reli, zimeni redio na mteremshe sufuria zenu, kwa maana nasimulia vita visivyomwaga damu ila jasho, na shujaa wake ni Kibii, mwalimu wa mkataba, mkwea Milimani kwenda shuleni kwa miguu, bingwa wa kukosa gwaride la asubuhi.

Jumamosi moja, bila hodi na bila kutarajiwa, mgeni aliingia katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akiwa amekumbatia mnyama wa chuma aliyejikunja kama mbwa mwenye baridi. Mgeni huyo jina lake Naftaly. Alimtua kando ya bomba, akamkunjua, na tazama, ikasimama baiskeli ya umeme yenye magurudumu madogo kama sahani.

"Boss," akamwambia Kibii, "hii ni ya bei ya chini, haili nyasi, hainywi petroli. Ukichoka nayo unaikunja, mnalala chumba kimoja."

Moyo wa Kibii uliruka. Mwalimu mkuu alikuwa ameapa kwamba akichelewa tena, darasa lake litapewa mwingine, na Kibii aliwapenda wale watoto wa gredi ya nne kuliko usingizi.

Ndipo baraza la bomba likaketi kuipima. Jerop, msusi mwenye ulimi wa wembe, akaitetea: "Mwizi ataipata wapi ikiwa chini ya kitanda? Na breki zinashika. Hata viatu vya mwalimu vitapumzika, maskini."

Mzee Mwaura, mlinzi mstaafu wa malango mengi, akapinga: "Betri ya bei rahisi ni kama mkwe mpya. Siku ya kwanza inachapa kazi, ya pili inaumwa mgongo. Halafu itakunywa tokeni za stima za nani?"

"Zangu, mzee."

"Zako ziliisha Jumanne."

Kibii akainuka kama mkuki. "Maneno hayapimi chuma," akasema. "Mwinuko utaamua."

Alipokuwa akiipanda baiskeli, bibi kizee jirani yake, Shosho Nyakio, aliita kutoka mlangoni: "Kijana wangu, ukifika huko chini kwa kisiagi, niletee unga wangu. Maji ya ugali nimeshaweka jikoni."

"Shosho, naapa maji hayo hayatakauka kabla sijarudi."

Akashuka kama mwewe. Kuku walitawanyika mbele yake kama jeshi lililopoteza mfalme. Watu wa bodaboda wakampisha, ama kwa heshima ama kwa kicheko. Kisiagini akaufunga mfuko wa unga nyuma ya mnyama, akageuka kuukabili mwinuko. Mnyama akaguna, akakohoa, akasimama.

Simu ikalia. Ni Naftaly. "Boss, kuna dada wa Milimani hapa, anaitaka. Ukifika saa hii ni yako. Ukikawia, nampatia."

Kibii akaushusha unga kando ya barabara, akajaribu tena, na mnyama akapanda akiimba. Hapo ukweli ukamdhihirikia: mnyama angembeba mwalimu, au unga, lakini si wote wawili. Na hapo, enyi msikiao, majeshi mawili yakakutana kifuani mwake: huku watoto wa gredi ya nne, kule sufuria moja. Akautazama unga ule uliokaa peke yake vumbini. Akaufunga tena mgongoni mwa mnyama, akaanza kusukuma.

Alipofika, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, Naftaly na yule dada walikuwa wameshapeana mikono.

"Pole, boss. Biashara haingoji."

Kibii akamkabidhi dada yule usukani kwa mikono miwili, akijua kwamba Jumatatu angetembea, na kwamba huenda angechelewa. Akaubeba mfuko akaingia kwa Shosho. Sufuriani yalibaki maji ya kunawisha mtoto mkono mmoja, lakini yalikuwa yakichemka.

"Si shosho angeongeza tu mengine?" Jerop akanong'ona.

"Niliahidi haya," akasema Kibii.

Shosho akamimina unga, akashika mwiko. Ugali ulitoka wa kumtosha mtu mmoja na paka. Na iandikwe, na watoto wa ploti ile wafundishwe: siku hiyo, Kaptembwa, maji hayakukauka.