Ubao Mweupe wa Msasa

Redio alilifungua gazeti, akakohoa. Redio akikohoa kabla ya kusoma, ujue kuna mtu ataumia. Alikuwa tarishi maisha yake yote, kazi yake kupeleka barua za watu bila kuzifungua, na tangu astaafu analipiza kisasi: kilichoandikwa popote lazima akisome kwa sauti.

Tulikuwa kwenye benchi letu, pale katikati ya gereji ya Spana na kibanda changu cha kunyolea. Bomba, fundi wa mabomba, alikuwa amekalia ndoo yake ya vifaa. Mama Kahawa alikuwa anapuliza jiko na kutulaani chinichini. Mimi nilikuwa nimemtoa mteja wangu nje kwa sababu umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kichwa chake. Mtu mzima na heshima zake, upande mmoja kipara, upande mmoja msitu, ametulia anakunywa kahawa.

"Sikilizeni," Redio akaanza. "Ubao mweupe waibuka mshindi. Kazi ya sanaa iliyotengenezwa katika kambi ya ubunifu ya wikendi imeteuliwa kutundikwa kwenye ukumbi mkuu wa mji. Kazi hiyo ni ubao mweupe usio na kitu chochote."

"Rudia hapo mwisho," Spana akasema.

"Usio na kitu chochote."

"Wamechora nini sasa?"

"Hakuna."

"Na hakuna yenyewe ndiyo imeshinda?"

"Imeshinda. Mtaalamu anasema, hapa nanukuu, 'Kila ukiutazama, ubao nao unakutazama.'"

Bomba alitema kahawa. "Jamani! Mimi nyumbani nina ukuta mzima haujapakwa rangi. Unanitazama tangu nihamie. Nimekaa na mali sijui!"

"Wako hautazami," Spana akamwambia, "wako unakusikitikia."

"Kuna picha hapa," Redio akasema, akaligeuza gazeti. Kweli, pichani kulikuwa na ubao mweupe pee, unang'aa kiasi kwamba mpigapicha ameonekana mle ndani na kamera yake. Pembeni amesimama mwanamume mwenye ovaroli, ametoa macho kama amekamatwa.

Wote tukaiinamia picha.

"Huyu si Msasa?" nikauliza.

Alikuwa Msasa. Msasa wetu, fundi wa rangi za magari, wa gereji ile ile tuliyoiegemea. Mtu ambaye gari ukimpelekea lina mkwaruzo wa kucha, analilainisha mpaka inzi akitua anateleza. Hajawahi kuona kitu kilichoinuka akakiacha. Siku moja alinishika kidevu akaniambia nina chunusi, nipite gereji.

Kabla hatujamaliza kushangaa, Msasa mwenyewe akatokea kwa nyuma, amebeba kitu kikubwa kimefungwa blanketi. Macho mekundu, ndevu hazijaguswa. Akakiegemeza ukutani, akaketi, akafunika uso kwa mikono.

"Msanii!" Bomba akamshangilia. "Mheshimiwa wa ubao!"

"Mke wangu ameondoka," Msasa akasema.

Hata Mama Kahawa akaacha kupuliza.

"Shemeji ameondoka kwenda wapi?" Spana akauliza.

"Kwa dada yake. Tangu siku ile ya mwisho kambini. Simu hapokei. Jamani, sisi nyumbani tuko wawili tu miaka yote hii. Akiondoka mmoja hakuna nyumba tena. Naingia jikoni, hata friji linanguruma kwa kunionea huruma."

"Haya, anza mwanzo," Redio akasema, akakunja gazeti. Kwa Redio kukunja gazeti ni kama mtu mwingine kuvua kofia msibani.

Msasa akaanza. Ofisini kwa mkewe walipewa nafasi ya watu wawili kwenye kambi ya ubunifu, Jumamosi na Jumapili, kulala huko huko. Mkewe akambembeleza. Akaenda. Wakafika kwenye nyumba yenye bustani, meza ndefu, gundi za kila aina, magazeti ya zamani, vitambaa, majani makavu, vifungo, na mwalimu mmoja anayeongea taratibu kama anambembeleza mtoto alale.

"Akatuambia kila mume na mke wana ubao mmoja. Mnabandika, mnapaka, mnakwaruza, mnabandika tena. Tabaka juu ya tabaka. Na ni marufuku kuongea."

"Marufuku kuongea na mke?" Bomba akauliza. "Siku mbili? Hiyo kambi iko wapi, nijiandikishe?"

"Akasema usiongee, usikilize ubao unataka nini."

"Ubao ulitaka nini?"

"Bomba, ubao ukianza kuniambia kitu mimi naenda hospitali."

"Endelea, kaka, usimsikilize huyu," Spana akasema.

"Tabaka la kwanza, mwalimu akasema kila mmoja abandike kitu ambacho hajawahi kumwambia mwenzake. Akifunike kwa kitambaa chepesi. Jumapili jioni mtafunuliana. Mimi nikabandika kipande cha pazia."

"Pazia gani?"

Msasa akatazama chini. "Lile la sebuleni. Lililoungua. Nililiunguza mimi kwa pasi. Nikamwambia ni hitilafu ya umeme."

Benchi zima likaguna. Mteja wangu wa nusu kichwa akaguna kuliko wote.

"Sasa unashangaa nini mke kuondoka!" Redio akasema. "Pazia la sebuleni! Mwanamke anaweza kusamehe mambo mengi, lakini pazia ni uso wake mbele ya wageni."

"Ndivyo ninavyodhani. Lazima alichungulia."

"Na yeye alibandika nini?" nikauliza mimi.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si mlifunuliana?"

Hapo Msasa akahema. "Jumapili baada ya chakula cha mchana wenzangu wote wakaenda kupumzika. Mimi nikabaki na ubao. Jamani, mnanijua. Ulikuwa na mabonde, milima, gundi imechuruzika, kifungo kimekaa upande. Na upande wa mke wangu, chini ya kitambaa, kulikuwa na kinundu. Kinundu hiki hapa!" Akaonyesha kwa ncha ya kidole. "Nikakaa nacho. Nikakigeuzia mgongo. Mikono inaniwasha. Mwishowe nikaenda kwenye gari. Vifaa vyangu vyote viko kwenye buti."

"Usiniambie," Spana akasema.

"Nikapiga puti, ule uji wa kuzibia mabonde. Nikasugua. Nikapiga puti tena, praima ya kutangulia rangi, nikasugua kwa maji, nikapuliza rangi, nikamalizia na vanishi. Waliporudi, ubao umekuwa kama boneti la gari la harusi."

"Mungu wangu."

"Mwalimu akalia. Akasema hajawahi kuona mtu anayezika moyo wake kwa ujasiri namna ile. Wakapiga makofi, wakaja na kamera. Mke wangu hakupiga makofi. Akautazama ubao, akanitazama, akachukua mkoba. Akaniambia neno moja tu: 'Ukikiona nilichokuwekea, ndipo unifuate.'"

"Hayo ni maneno manne," Redio akasema.

"Redio, nitakupiga puti."

Ndipo akavuta blanketi. Ubao ukatoka. Sikudanganyi, niliona sura yangu mle ndani, na ya mteja wangu, naye akajiona kichwa kwa mara ya kwanza, akaweka kikombe chini polepole.

Kumbe Msasa aliwaomba watu wa maonyesho auchukue kwanza aupige polishi, na leo leo wanakuja kuubeba. Ukishatundikwa ukumbini hakuna kuugusa tena. Hapo ndipo kijiwe kilipogawanyika.

"Usiguse!" Redio akasimama. "Huo ni ubao wa taifa! Benchi hili tangu lizaliwe halijatoa mtu wa kuandikwa gazetini, ukiondoa Bomba alipoizamisha shule kwa maji."

"Bomba lilikuwa bovu kabla sijafika," Bomba akasema.

"Muache shemeji apoe, atarudi. Wanawake hurudi."

"Wa kwako alirudi?" Spana akamuuliza.

Redio akakaa.

"Mimi nina wazo," Bomba akasema. "Tutoboe tundu dogo kwa nyuma, tuingize waya wenye taa, tuangalie. Kama mtaro ulioziba."

"Tuuchemshe," akasema mteja wangu. Tukageuka wote. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. "Gundi inaachia kwenye maji ya moto," akaeleza.

"Uchemshwe kwenye sufuria gani, baba?" Mama Kahawa akamuuliza. "Ya kwangu msinitazamie."

Msasa alikuwa hasikii lolote kati ya hayo. Alikuwa anaupapasa ubao kwa kiganja, kama anavyopapasa mlango wa gari kutafuta kasoro. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. "Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya," akasema. "Hakuna hata wimbi. Lakini nikae nao ukumbini nizungumze na nani?"

Akachukua karatasi ya msasa, ile ya mchanga mkali, akaichovya kwenye kopo la maji.

Redio alijilaza juu ya ubao. Kweli kabisa, mzee mzima na tai yake. Spana akamshika miguu, mimi mabega, tukamweka pembeni, akabaki anapiga kelele kwamba historia itatuhukumu.

Msasa akasugua. Weupe ukayeyuka kama maziwa, ukachuruzika. Ikaja praima ya kijivu. Ikaja puti. Akasugua, Bomba anamwagia maji, Spana anapangusa. Puti ikawa nyembamba, vikaanza kuchungulia vipande vya gazeti, jani, kifungo.

"Kuna kitu cheusi hapa!" Spana akapiga kelele.

"Hilo ndilo pazia," Msasa akasema kwa aibu.

"Aisee, uliliunguza kweli. Hii si pasi, huu ni moto wa kiwanda."

Akahamia upande wa mkewe. Hapo akaacha msasa, akachukua kisu cha puti, akawa anabandua kidogo kidogo, ulimi nje. Kitambaa chepesi kikatokea. Akakichana. Chini yake, kimekaa kwenye gundi, kilikuwa kitu cha mpira, kidogo, cha rangi ya asali, chenye ncha mbele na mdomo mpana nyuma. Akakitoa, akakiweka kiganjani.

Tukasogeza vichwa.

"Hiyo ni raba ya breki," Spana akasema papo hapo. "Inavikwa kwenye nati ya kutolea upepo. Shemeji anakwambia breki zako mbovu. Huna breki, unajiendea tu."

"Raba ya breki iko wapi hapo?" Bomba akasema. "Hicho ni kizibo cha tangi la choo. Anakwambia ile kazi ya choo uliyoahidi."

"Choo nilikitengeneza."

"Nani alikitengeneza?"

"Wewe."

"Basi nimenyamaza."

Mimi nikakitazama vizuri, nikawaambia ni ncha ya chupa ya losheni ya baada ya kunyoa, kwa hiyo ujumbe ni ndevu, na ndevu zenyewe mnaziona. Mteja wangu akasema yeye kwake kina sura ya filimbi. Redio, aliyekuwa bado kasusa, akasema kwa mbali kwamba kwa uzoefu wake wa ofisini kile ni kinga ya kidole cha kuhesabia karatasi, na maana yake ni talaka inaandaliwa.

"Talaka?" Msasa akasema, sauti imemkauka.

"Lakini kina tundu kwenye ncha," Bomba akasema. "Kizibo hakiwi na tundu."

"Tundu la kutolea upepo, si nimesema breki!"

"Breki za nani za rangi ya asali?"

Wakaanza kusukumana. Mama Kahawa akaja, anajifuta mikono kwenye aproni. Akawasogeza kwa kiuno, akatazama kiganja cha Msasa. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, kwa zamu. Sijawahi kuonewa huruma namna ile.

"Nyie wanaume," akasema, "wote mmenyonyeshwa na nani? Hiyo ni chuchu ya chupa ya mtoto."

Mteja wangu akavua taulo langu shingoni.

"Mtoto wa nani?" Msasa akauliza.

"Wa jirani," Mama Kahawa akasema. "Wa nani, baba? Mlikuwa wangapi kwenye huo ubao?"

Msasa akakigeuza kile kitu kwenye mwanga. Midomo ilianza kumcheza. Nilimwona anaelewa kipande kwa kipande.

"Niliona kinundu," akasema. "Mama, niliona kinundu, nikakisawazisha. Yeye amekaa pale, haruhusiwi kuongea, anangoja jioni ifike. Mimi nimempiga puti mwanangu." Akameza mate. "Nimempiga na vanishi."

"Sasa umekaa hapa kufanya nini?" Mama Kahawa akamfokea.

Msasa akainuka, akapiga hatua, akarudi, akakumbatia watu wawili asiowalenga, akatoka mbio. Barakoa yake ya kupulizia rangi iko utosini, ngumi imefumbata ile chuchu, ovaroli nyeupe tupu kwa vumbi.

"Chukua gari langu!" Spana akamkimbilia na funguo. "Ila halina breki!"

Alikuwa ameshapinda kona.

Hatukuwahi hata kuketi. Gari la maonyesho likafika. Akashuka kijana wa miwani mikubwa na skafu ya rangi tatu, nyuma yake wabebaji wawili wenye glovu. Redio akakimbia kuufunika ubao kwa gazeti, gazeti likalowa, likanata juu yake. Alipolivuta, likaacha nusu ya ukurasa wa habari.

Kijana akasimama mbele ya ubao. Weupe umebaki upande mmoja, upande wa pili matabaka yamefumuka kama kitunguu, pazia limeungua, na pale kati kuna shimo dogo la mviringo, tupu. Tukajua yamekwisha. Bomba akajifanya anatafuta spana kwenye ndoo.

Yule kijana akapiga magoti. Akavua miwani.

"Ameuvunja ukimya wake mwenyewe," akasema kwa sauti ya kutetemeka. "Na hili shimo! Jamani, mnaliona? Anazungumzia pengo. Lile pengo lililomo ndani ya kila mmoja wetu!"

"Anazungumzia mimba, mwanangu," Mama Kahawa akasema, ameshika ufagio. "Hebu sogea nifagie."