Kura Nne za Nyumba Yangu Zimepotelea Ofisini Kwenu

Kwa Msimamizi wa Uchaguzi,
Baraza la Mtaa Wetu,
London.

Mheshimiwa Bwana au Bibi,

MINTARAFU: KURA NNE ZISIZOONEKANA

Pokea salamu nyingi kutoka Kingsbury. Sisi sote ni wazima, isipokuwa moyo wangu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa kijikaratasi chenu kilisema mkazi yeyote atahudumiwa kwa lugha yake, na hasira yangu haijajifunza Kiingereza vizuri.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana Praful, mwenye duka la Kingsbury Road, mzaliwa wa Kisumu, ambaye nimekuwa nikinunua unga na ndengu kwake tangu nihamie hapa, aligombea udiwani katika uchaguzi mdogo wa wadi yetu ili maktaba isifungwe. Nilimshika mkono mbele ya wateja nikamwahidi kura nne: yangu, ya mke wangu Zipporah, na za watoto wetu wakubwa, Serah na Cosmas. Ahadi ni deni. Praful ameshindwa kwa kura moja. Moja! Sasa kila nikiingia dukani ananitazama kwa huruma, ananiuliza hali ya watoto, kisha ananitilia pilipili za bure kwenye mfuko. Mtu aliyeshindwa kwa kura moja hagawi pilipili bure. Bila shaka anaamini nilimdanganya, na heshima yangu katika barabara ile imekwisha. Mimi kura nne nilizipeleka. Kama hazikufika, basi zimepotelea kwenu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kuandikishwa. Mlituma fomu moja nyumbani kwangu mkiuliza ni nani wanaoishi humo. Niliijaza mimi, nikatia sahihi mimi, kwa niaba ya wote, nanyi mkaipokea bila kuniuliza hata jina la chifu wangu. Nilifurahi, nikasema hawa watu wanajua kwamba nyumba ina mwenyewe. Kumbe siku ya kura mnatukata vipande vinne! Kama kichwa kimoja kilitosha kuandikisha, kwa nini kisitoshe kupiga?

2. Foleni. Nilikwenda asubuhi na mke wangu, nimebeba kigoda, chupa ya chai na nduma za kuchemsha. Katika ukumbi wa shule nilikuta mabibi wawili na mbwa mmoja. Bibi mmoja alikuwa anafuma sweta. Nilimaliza kupiga kura kabla sijaona mahali pa kuweka kigoda, na chai ilirudi nyumbani ikiwa bado moto. Uchaguzi usiomchosha mtu atauamini nani? Kwetu, mwaka wa themanini na nane, tulipiga kura ya mlolongo: kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe. Hata pale mlolongo mfupi ulipotangazwa kuushinda mrefu, angalau sote tulijua ni nani aliyeibiwa.

3. Wino. Nilikata kucha ya kidole, nikakisugua kwa sabuni, nikakipamba kama bwana harusi. Hakuna aliyekigusa. Ningempelekea Praful ushahidi gani? Kidole kisafi ni kidole cha mtu aliyeshinda kitandani.

4. Wagombea. Praful na mpinzani wake, Bwana Gurmit, walisimama pamoja langoni wakigawana biskuti. Huyo Gurmit alikuwa amebisha kwangu wiki iliyotangulia, akauliza kama taa za barabarani zinawaka, akakataa chai, akaenda zake. Hakuacha hata kilo ya sukari. Nimekaa nikajiuliza: mtu asiyenunua kura, huzipata wapi?

5. Kibanda. Hapa ndipo penye uchungu. Nilipomfuata Zipporah kibandani ili nimsaidie, yule bibi wa sweta aliniambia kwa upole nisubiri zamu yangu. Mheshimiwa, mimi na mwanamke huyu tuna akaunti moja ya benki, blanketi moja na ufunguo mmoja wa mlango wa mbele. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nanyi mmeweka mbao tatu katikati ya ndoa iliyokwisha kuzaa wawili. Alitoka humo akitabasamu. Nilipomwuliza sababu, akasema hilo ni lake na Mungu wake.

6. Penseli. Tena imefungwa kamba! Mnaniamini niwachagulie diwani, lakini hamniamini na penseli. Na penseli hufutika. Kwa hiyo nilitumia kalamu yangu mwenyewe, na kwa kuwa nilishaijua tabia yenu ya kuficha mambo, nilichukua hadhari. Chini ya alama yangu niliandika kwa herufi kubwa: HII NI KURA YA PHILEMON NJOROGE KWA NDUGU YANGU PRAFUL, nikatia sahihi na nambari ya simu. Mke na watoto nilikuwa nimewaamuru wafanye vivyo hivyo. Hamwezi basi kusema hamkujua kura zile ni za nani.

Kwa hayo yote, naomba masanduku yafunguliwe mbele yangu na mbele ya Praful, kura zetu nne zilizotiwa sahihi zitolewe, na zisomwe kwa sauti. Naomba pia uchaguzi urudiwe kwa mlolongo, pale Wembley karibu na uwanja, ambako nafasi haikosi, kila mwenye nyumba akitangulia na watu wake wakimfuata nyuma. Siri ya kura ni kichaka cha waoga.

Nisalimie makarani wote, na yule bibi pia. Natumaini sweta imefika mikononi.

Ni mimi mkazi wenu mtiifu, mwenye kidole kisafi,

Philemon Njoroge

Tanbihi: Nimempa Serah aisome barua hii kabla ya kwenda posta. Serah huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza; leo amecheka kwa lugha zote mbili. Anasema karatasi yenye jina la mpiga kura haihesabiwi, ndiyo sheria. Nikamwita mama yake na Cosmas, nikawaomba radhi kwa kuwaharibia kura. Wakatazamana. Kumbe hakuna hata mmoja aliyenitii! Wote watatu walitia alama kwa penseli yenu wakanyamaza, na wote walimchagua Praful, kwa ajili ya maktaba, si kwa ajili yangu. Kura iliyotupwa ni ile moja, yangu.

Serah anasema pia kwamba wagombea huonyeshwa karatasi zilizokataliwa kabla ya matokeo kutangazwa. Basi Praful aliisoma: jina, sahihi na simu. Na bado ananiuliza hali ya watoto, wala hajamwambia mtu. Nimeona haya mpaka masikioni.

Kwa hiyo nafuta namba moja hadi sita. Barua naituma tu kwa kuwa stempu nimeshabandika. Tafadhali msifungue sanduku lolote, wala msisome chochote kwa sauti. Kama mna kabati lenye kufuli, karatasi yangu iwekeni humo. Kesho naenda dukani kwa Praful, na pilipili nitazilipia.