Malalamiko Juu ya Sindano ya Wasichana Kilimani Nyagasozi

Kwa Muuguzi Mkuu, Bi Mukarugwiza,

Pokea heshima zangu. Mimi Sebuhoro ndiye niliyesoma kuliko wote kilimani hapa. Haya, kuliko ng'ombe wangu. Darasa la tatu lilinishinda. Hata hivyo nalalamikia sindano mnayowachoma wasichana shuleni kuzuia kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi. Mwanangu Ngendahayo amekaa ubavuni ananisaidia kukasirika.

1. Anasema sindano hiyo hufunga uzazi. Kaambiwa na kinyozi, na kinyozi hushika vichwa vya watu kutwa, hawezi kukosa kujua yaliyomo.

2. Ng'ombe wa Ngendahayo wote wamechanjwa, na wanazaa mpaka zizi limefurika. Basi ikiwa sindano ya ng'ombe hufungua, ya mtoto lazima ifunge. Serikali haiwezi kutoa vitu viwili vizuri kwa mpigo.

3. Binti yake, mjukuu wangu Iribagiza, ana miaka kumi na miwili. Asipozaa, nani atatuletea ng'ombe wa mahari? Nikamuuliza mwanangu, "Na akifa kwa saratani, huyo ng'ombe ataletwa kaburini?" Akanikemea, "Baba, wewe andika tu!" Naandika.

4. Bibi yake, marehemu mke wangu Nyirabagenzi, hakuchanjwa. Saratani hiyohiyo ilimla mpaka tukamteremsha kilima kwa machela, mwepesi kama kikapu kitupu. Lakini alikufa bila alama ya sindano hiyo mkononi. Heshima kama hiyo ndiyo mwanangu anayomtakia Iribagiza.

5. Kwa hiyo acheni mara moja. Sindano zikibaki, wachomeni vinyozi, mdomoni.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa lango, na yule mama wa mapokezi anayenuna kama kadi zote ni zake.

Mimi, katika hasira ya kuazima,
Mzee Sebuhoro

N.B. Ngendahayo ameisoma, ameridhika, amekwenda kunywa pombe ya ndizi. Sasa ndiyo naandika mimi. Futa yote ya juu. Iribagiza kachanjwa leo asubuhi. Mama yake ndiye aliyeamua na kumshika mkono. Mimi nilishikilia koti. Mkono unamuuma kidogo, na anadai chai ya maziwa kama mgonjwa mahututi. Baba yake tutamwambia tukishampoza.

Fahali wangu alimpanda ng'ombe wako bure, nawe ukasema utanilipa fadhila siku moja. Siku ndiyo hii: Ngendahayo akija kuuliza nani wa kwetu kachomwa sindano, mwambie ni mimi.