Kamera Juu ya Tangi la Maziwa

Kwa niaba ya wanachama wote, na kwa mamlaka ambayo kwa kiasi kikubwa alijipa mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti Gachanja wa Ushirika wa Maziwa wa Mwinuko, kule Dundori, alitangaza kwamba enzi ya giza imekwisha. Ushirika ungewekewa kamera.

Sababu ilijulikana hadi barabarani. Wakulima walileta maziwa asubuhi, yakapimwa, yakamiminwa tangini, na kabla lori la kiwanda halijafika, kiasi kilikuwa kimeyeyuka. Kamati ilikutana kulijadili suala hilo, kisha ikakutana tena. Ajabu ni kwamba kadiri kamati ilivyozidi kukutana, ndivyo maziwa yalivyozidi kupungua. Mwenyekiti aliieleza hali hiyo kuwa dharau ya wazi ya mwizi kwa uongozi, akanywa funda la chai, chai ya maziwa matupu isiyojua maji, akaitisha kikao kingine.

Tuhuma ilimwangukia Tabby, karani wa kupokea maziwa, kwa kuwa alifanya kazi karibu na tangi na hakuwa mwanakamati. Mwenyekiti alimwita ofisini akamweleza kwa upole wa kibaba kwamba kamera ikikosa kuonyesha mtu mwingine, itabidi aende nyumbani. Tabby alikuwa na mtoto sekondari na ng'ombe mmoja, tena aliyekauka. Alisema sawa, akarudi kwenye mizani.

Fundi Kimeli alipanda kutoka Nakuru mjini na ngazi yake na mabunda ya waya. Alitaka kuifunga kamera ukutani, ielekee mlango. Mwenyekiti alikataa katakata. Kifaa cha hadhi ile hakiwezi kukaa kimo cha kufuli. Kitundikwe darini, juu kabisa ya tangi, na TV iwekwe ukumbini, wanachama wajionee uwazi kwa macho yao.

"Boss, huko juu itaonyesha vichwa pekee," Kimeli akasema.

"Kwani mwizi hana kichwa?"

Kimeli alipanda ngazi, akatoboa dari.

Hapo hapo ukatolewa waraka wa usafi: kila aingiaye chumba cha tangi avae koti jeupe na avue kofia. Mwenyekiti aliutii kuliko wote. Kofia yake ilimfuata sokoni, matangani na hata mezani kwake, lakini chumba cha tangi kiliingia katika daraja moja na kanisa.

Siku ya kuonyeshwa picha, ukumbi ulifurika wakulima na gambuti zao miguuni. Palifanywa maombi. Kamande, mweka hazina, aliishukuru kamera kwa kukubali kuja. Kisha Mwenyekiti akashika maiki, akasoma azimio: mwizi, awe nani, ataachia wadhifa wake siku hiyo hiyo bila rufaa, na kabla ya kutoka langoni amwombe Tabby msamaha mbele ya wanachama. Kipengele hicho cha mwisho alikiongeza kwa sababu kilisikika vizuri, na hakuwa na shaka kwamba picha ingemwonyesha Tabby mwenyewe. Azimio likapita kwa makofi mazito.

TV ikawashwa. Mtu mwenye koti jeupe aliingia na jagi. Alifungua tangi, akachota, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza. Utosini alikuwa na upara wa duara kama kisosi, uking'aa chini ya taa. Picha ya siku iliyofuata ilimwonyesha yeye tena, na jagi kubwa zaidi.

"Mnamwona huyo?" Mwenyekiti alisema, akitetemeka kwa hasira ya kweli. "Hana hata aibu. Anaonja kwanza!"

Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba alikuwa akijitazama mwenyewe. Maziwa aliyoyachota yeye yalikuwa ya kikao, na kikao ni kazi ya ushirika. Huyu wa kwenye TV alikuwa mwizi. Tena kichwa chake mwenyewe alikijua kwa kioo, kutoka mbele, ambako mambo bado yalikuwa shwari.

"Nani hapa anakijua hiki kichwa?" akauliza.

Watu wakatazama gambuti zao. Kamande alipata jambo la kukagua dirishani. Mwishowe akasimama Mama Wariara, mjane wa shamba la chini, akajifunga leso vizuri.

"Mwenyekiti, wewe kanisani hukaa kiti cha mbele," alisema. "Sisi wengine tunakaa nyuma yako kila Sunday. Ukiinama kuomba, hicho kichwa tunakiona chote."

Hakuna aliyecheka, na kwa hilo wanachama wanastahili pongezi. Mwenyekiti alivua kofia, akapeleka mkono utosini, akapapasa polepole. Aliona aibu, aibu ya mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. Alipendekeza kwa sauti ndogo kwamba huenda ikafaa kuitisha kikao cha dharura. Hakuna aliyeunga mkono.

Tabby alikuwa amesimama kando ya mlango. Mwenyekiti aliweka maiki mezani, akamsogelea, akainamisha kichwa.

"Tabby, mama, nisamehe," akanong'ona.

"Shika maiki, Mwenyekiti," Tabby akasema. "Wa nyuma hawasikii."