Mtahini Hatalijua Neno Langu

Alhamisi, 5 Novemba 1998

Siku nne zimebaki! Jumatatu mtahini anatoka Nairobi, na mimi, Kivuva wa posho mill, nitapata cheti cha ulinzi wa mitandao ya kompyuta. Kiwanda cha pamba kule Makueni kimenunua kompyuta tano na kinatafuta mtu wa kuzilinda. Mtu mmoja tu. Nikianguka, ni kusaga mahindi kwenye mashine ya Mjomba Muli hapa Kitui mpaka nizeeke, mweupe kwa unga kutoka nywele hadi viatu.

Chuoni tumebaki wawili: mimi na Esha, binti wa Mzee Abdallah mwenye duka la vitambaa. Wengine saba walitoroka tulipofika somo la ukuta wa moto. Si moto wa kweli, ni kinga ya kuzuia wavamizi wa mtandao. Nimemweleza Mjomba mara tatu, bado anauliza meza ikiungua italipwa na nani.

Mtihani una sehemu mbili. Kwanza maswali ya kuandika. Halafu kila mmoja anafungia barua ndani ya kompyuta kwa neno la siri, na mtahini anajaribu kuisoma. Akiisoma, umeanguka. Mwalimu Nzioka ametuonya: neno liwe na herufi kubwa, ndogo na tarakimu, na tusimwambie mtu yeyote. Langu ni Unga2WaMtama9. Hata shetani halipati!

Ijumaa, 6 Novemba

Nimelisahau. Unga niliukumbuka, mtama niliukumbuka, tarakimu zikaniponyoka. Mwalimu alilazimika kunifungulia mashine upya mbele ya Esha, ambaye alikohoa. Hakukuwa na vumbi.

Bahati nzuri nimelikuta hapa kwenye shajara.

Mpango mpya: nijue la Esha. Haiwezekani nianguke peke yangu. Watu hutumia majina ya jamaa zao, hilo limo kitabuni, sura ya nne. Kesho naenda dukani kwa baba yake.

Jumamosi, 7 Novemba

Nilinunua leso nisiyoihitaji. Huku Mzee Abdallah akiikunja nikamuuliza, kijuujuu tu, mama yake aliitwa nani, mama mkwe je, Esha alizaliwa tarehe ngapi, na kama wana paka. Mzee aliacha kukunja. Akanivutia kiti. Akataka kujua mimi ni mtoto wa nani, nasali wapi, na ile posho mill ni yangu au ya mjomba. Nilijibu vizuri sana kabla ya kuelewa mazungumzo yamefika wapi! Nilitoka na leso mbili na ushauri kwamba siku nyingine nije na wazee wangu.

Na majina hayakufaa. Nilipita chuoni, nikajaribu kwenye kompyuta ya Esha la bibi, la bibi wa pili, la paka. Kompyuta ikajifunga na kuandika jina langu kwenye orodha ya wavamizi. Mwalimu alisema ataitumia orodha hiyo kufundishia. Esha aliniambia, kwa kile Kiswahili chao cha pwani kilichonyooka, kwamba nimsalimie mama yangu, na kwamba paka amekufa.

Jumapili, 8 Novemba

Mchungaji Kilonzo alihubiri kwamba tunaomba juujuu, hatutaji tunachotaka. Maneno hayo yalinichoma. Nikasimama, nikaomba kanisa liniombee nisisahau neno langu la siri. Mchungaji akauliza ni neno gani, ili liombewe kwa jina lake.

Nilisita. Lakini Mwalimu alisema nisimwambie mtu, na pale nilikuwa namwambia Mungu. Nikalitaja kwenye kipaza sauti, na herufi kubwa nikazionyesha kwa kidole. Mama Kavata wa kwaya akalipokea, akalitilia sauti, na viti vya nyuma vikaitikia. Mimi mwenyewe nilipiga makofi!

Sasa siwezi kulisahau hata nikitaka. Nina amani kabisa.

Jumatatu, 9 Novemba

Maswali niliyajibu yote. Neno lilikuja lenyewe. Mtahini anaitwa Bwana Kiema, mtu mpole, mwenye miwani. Tulipokuwa tukifunga barua zetu alienda kunywa chai kwa Mama Kavata, ambaye ana hoteli karibu na chuo. Akarudi akiimba kwa pua. Sikushtuka, ni wimbo mzuri.

Akaketi mbele ya kompyuta yangu. Haikupita dakika. Akaisoma barua yangu kwa sauti, ile niliyoandika kwamba hakuna atakayeisoma. Ya Esha alihangaika nayo mpaka saa saba, akashindwa.

Nilimuuliza ametumia ujuzi gani. Alisema alimuuliza Mama Kavata huo ni wimbo wa ibada gani, naye akamjibu kwa fahari kwamba ni neno la Kivuva la kompyuta, kanisa zima linalibeba, na asisahau U ni kubwa.

Nimelia nyuma ya posho mill. Niliitaka ile kazi. Niliitaka sana.

Jumatano, 11 Novemba

Matokeo! Esha amepita, anaenda Makueni. Lakini kwenye maswali nimepata 47 kwa 50, yeye 44. Naandika tena: 47! Sehemu ya pili nitairudia Februari. Esha mwenyewe amesema kiwanda kitahitaji mtu wa pili pamba ikiiva, na atalitaja jina langu. Akanipa daftari lake lote la masomo. Kumbe ningeomba tu! Nimefurahi hata nikamsagia Mjomba magunia mawili bila kununa.

Na nimejirekebisha. Kanisani sitafungua mdomo. Mama Kavata hatasikia kitu. Nimetunga neno jipya, gumu kuliko la kwanza. Lakini nikilisahau je? Nimefikiri sana. Neno la siri lapaswa kutunzwa na mtaalamu. Kwa hiyo nimemwandikia Bwana Kiema anitunzie mpaka Februari, nikasisitiza asimwonyeshe mtahini.

Barua nimeituma kwa rejista, maana mimi si mjinga. Karani wa posta aliuliza ndani kuna kitu gani cha thamani hivyo, nikamtajia. Ameliandika kwenye risiti, herufi kubwa zote mahali pake.