Mwanga wa Abeid

Jumatatu, 9 Juni 2025
Profesa Margareth katangaza mbele ya maabara nzima: atakayepata mwanga safi kwenye dhahabu kabla ya wageni wa Ijumaa ndiye atakayekabidhiwa darubini. Mwingine atarudi kufundisha mwaka wa kwanza kile kipira cha chuma kinachobembea kwenye uzi. Mwingine! Tuko wawili tu, mimi na Hafidhi.

Darubini yenyewe haina hata lenzi. Ni sindano inayokaribia dhahabu bila kuigusa, ndani ya baridi kali ya heliamu. Umeme unaruka pengo, mwanga kiduchu unatoka, kifaa kinauhesabu. Inataka giza totoro na mkono mtulivu. Leo Hafidhi kapita nyuma yangu, kanisifia shati. Hakusema mashaallah! Palepale sindano ikaigonga dhahabu. Ana kijicho yule.

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda Bigwa kwa Shangazi Mwanvita, karudi Umra juzi. Shikamoo, marahaba, ndizi za nazi. Kanizawadia tasbihi ya kijani, ile inayong'aa gizani ukishaimulika. Kasema nivute uradi kila baada ya swala, nipunguze na husuda. Sawa. Ila mimi nina wazo bora. Usiku nimerudi maabara, nimeingia na tochi nyuma ya pazia jeusi linaloikinga darubini na mwanga, nimeitundika tasbihi kando ya kidirisha chake, iwe kinga. Hafidhi atazame sasa!

Jumatano, 11 Juni
Mwanga! Namba zinapanda hazishikiki. Nimeuita Mwanga wa Abeid. Profesa kaacha chai mezani kaja mbio. Hafidhi kauliza kama nimeondoa sindano nione mwanga unazimika. Nikamjibu wali ukiiva mtu haondoi sufuria kutafuta moto. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Juni
Mwanga unafifia! Jasho limenitoka. Nimeingia na tochi kukagua, sikuona tatizo. Nimetoka, namba juu. Baadaye zikashuka. Tochi tena, juu tena. Nimegundua darubini inapenda kutembelewa. Nimeliweka hilo kwenye slaidi.

Ijumaa, 13 Juni
Wageni tele. Nimevaa suti. Profesa kaondoa sindano. Mwanga upo. Kazima umeme wa sindano. Mwanga upo. Nikawaeleza wageni kwamba hiyo ndiyo ajabu yake. Profesa akafunua pazia.

Tasbihi inang'aa kijani, punje kwa punje. Mgeni mmoja mzee kasema mashaallah. Nilitamani milima yote ya Uluguru iniangukie. Hafidhi hata hakucheka, kanipa pole, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi. Jioni Shangazi kapiga simu, sijui nani kamwambia. Kasema tasbihi ni ya kumtaja Mungu, si ya kutundika kama shanga za mganga.

Jumamosi, 14 Juni
Hafidhi kapewa darubini. Mimi kipira. Nimelia kidogo stoo.

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: tasbihi ilikuwa inang'aa. Kinga ya kweli haing'ai. Nimeng'oa sumaku kwenye spika mbovu, maana wanasema sumaku humrudishia kijicho mwenyewe. Nimeigandisha chini ya meza ya darasa, upande wa mlango, hakuna atakayeiona. Kisha nikakijaribu kipira.

Subhanallah! Kinabembea, kinasita, kinatetemeka, halafu kinavutika upande wa mlango na kukaa hapohapo, uzi umekwenda mshazari. Jambo hili halimo kwenye kitabu chochote! Nimempigia Profesa, hapokei. Hafidhi keshamfikia.